Kumchagulia Msomaji Mgeni Kitabu cha Katuni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wazazi, walimu na vijana wanaokuja kuazima vitabu kutoka rafu yangu hapa Kisumu, na mengine hutumwa kwa simu kutoka Kakamega, Busia na Nakuru. Sina duka. Ninayoyasema ni ya msomaji anayetaka wenzake wavione vitabu hivi vikiwa na thamani ileile ambayo yeye huiona.

Rafiki yangu hajawahi kusoma kitabu cha katuni. Nimpe kipi kwanza?

Hakuna kitabu kimoja kinachomfaa kila mtu, na atakayekutajia jina kabla ya kukuuliza habari za rafiki yako atakuwa amekutajia kile anachokipenda mwenyewe. Mimi huuliza mambo matatu. La kwanza ni hadithi zipi humfanya akeshe: upelelezi, kandanda, mapenzi, historia, au anime, yaani filamu za katuni za Kijapani, anazozitazama kwenye simu? La pili ni lugha anayoisoma kwa raha, ambayo huenda isiwe ile aliyofanyia mtihani. La tatu, ambalo wengi hulisahau, ni iwapo kitabu cha pili kitapatikana, kwa sababu mtu aliyenogewa na juzuu ya kwanza kisha akaikosa ya pili mji mzima huondoka na uchungu, na mara nyingi harudi.

Baada ya kupata majibu hayo, chagua kitabu kifupi, chenye hadithi inayokamilika ndani ya jalada moja au majalada machache, kinachohusu jambo ambalo tayari analipenda. Umaarufu wa kitabu usikuongoze. Vitabu kadhaa vinavyosifiwa kuwa bora kuliko vyote viliandikiwa wasomaji waliokwisha kuizoea sanaa hii. Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons, iliyotoka katika matoleo 12 kati ya 1986 na 1987, ni mfano ulio wazi: inawahoji mashujaa wa katuni za Marekani na kuwavua heshima yao, na msomaji ambaye hajawahi kukutana na mashujaa hao hawezi kuhisi uzito wa tendo hilo. Ninaiheshimu sana kazi hiyo, na ndiyo maana simpi mtu aanze nayo.

Je, vitabu hivi si vya watoto?

Vingine ni vya watoto na vingine havifai kabisa kuonwa na watoto. Maus ya Art Spiegelman, inayosimulia jinsi baba yake alivyonusurika kambi za Wanazi, ilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka wa 1992. Hapa kwetu, jarida la Joe, lililoanzishwa Nairobi mwaka wa 1973 na Hilary Ng'weno pamoja na mchoraji Terry Hirst, liliwaandikia watu wazima wenye kodi za nyumba za kulipa na wakubwa wa kazi wa kuvumilia.

Kuna vitabu vya katuni vya Kiswahili, au lazima mtu ajue Kiingereza?

Vipo, japokuwa havipatikani kwa wingi unaostahili, na jambo hili hunisikitisha kwa sababu usomaji wa picha katika Kiswahili una mizizi mirefu kuliko vijana wengi wanavyodhani. Wazazi wetu waliufungua ukurasa wa Juha Kalulu katika gazeti la Taifa Leo kabla ya kuzisoma habari zenyewe. Edward Gitau aliichora katuni hiyo kwa miongo mingi, na kwa watu wengi waliokulia Nyanza na Magharibi, ambako Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani, Juha alikuwa mwalimu wa pili wa lugha. Upande wa Tanzania kulikuwa na jarida la Sani, lenye wahusika kama Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Madenge, ambao hadi leo ukiwataja mbele ya Mtanzania wa makamo utaona uso wake ukibadilika kwa furaha.

Kitabu ninachokitafuta kila ninapopita kwenye vitabu vikuukuu ni Abunuwasi cha Gado, kilichochapishwa na kampuni ya Sasa Sema mwaka wa 1996. Gado, ambaye jina lake kamili ni Godfrey Mwampembwa, anajulikana zaidi kwa katuni zake za kisiasa, lakini humo amezichora hekaya za Abunuwasi, yule mjanja ambaye watoto wa Afrika Mashariki humsikia kabla hawajajua kusoma. Hii ndiyo aina ya kitabu ninachopenda kumpa mtu mzima anayeogopa kwamba hataelewa. Hadithi anaijua tayari, kwa hivyo macho yake yana nafasi ya kujifunza jinsi picha na maneno yanavyogawana kazi ya kuisimulia.

Kwa kijana wa sekondari au aliyemaliza shule, katuni ya Shujaaz haina mfano. Ilianza mwaka wa 2010, ikaandikwa kwa Sheng, lugha ya mtaani ya vijana wa Kenya, na kusambazwa bila malipo. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana asiye na kazi anayeendesha kituo cha redio cha siri kutoka chumbani mwake, na kupitia kwake wasomaji hupata hadithi za kilimo, biashara ndogo, siasa na mapenzi. Kuna walimu wa Kiswahili wanaoichukia Sheng yake. Ninawaelewa, lakini nimeona vijana waliosema hawasomi chochote wakinyang'anyana nakala moja, na kijana anayesoma kwa hamu unaweza kumletea Kiswahili sanifu baadaye. Asiyesoma huna pa kumwanzia.

Kwa anayesoma Kiingereza na kupenda masimulizi ya kale, ukibahatika kuziona nakala za Pichadithi, mfululizo wa miaka ya 1980 ambamo Terry Hirst alizichora hadithi simulizi za Kiafrika, usiziache. Watu wa huku waliolelewa na habari za Lwanda Magere, shujaa wa hekaya za Waluo, na kivuli chake hawahitaji kushawishiwa kwamba hadithi za mababu zinafaa kuchorwa.

Baba yetu amestaafu na katuni anayoijua ni ile ya gazetini tu. Atafurahia kitabu kizima?

Huenda akafurahia kuliko wote, mradi umpitishe njia anayoijua. Katuni ya tahariri humpa wazo zima katika picha moja. Katuni ya mfululizo, kama ya Juha Kalulu, hutumia visanduku vichache vya picha na huishia kwenye kicheko. Ukurasa wa Maddo, yaani Paul Kelemba, katika gazeti la Standard huchukua nafasi kubwa na kumtembeza msomaji mtaani. Kutoka hapo hadi kwenye kitabu ni hatua moja tu. Mpe kwanza mkusanyo wa katuni za kisiasa, kwa kuwa mzee aliyeishi miaka hiyo atakuwa na mengi ya kukueleza kuhusu kila picha, kisha umpe kitabu chenye hadithi moja ndefu. Angalia pia ukubwa wa maandishi. Juzuu nyingi za Kijapani huchapishwa kwa umbo dogo, nazo zitamchosha macho hata kama hadithi inampendeza.

Nimetazama filamu za Marvel na Batman, sasa nataka kusoma. Mbona matoleo ni maelfu?

Kwa sababu hadithi hizo hazijawahi kusimama. Superman alianza mwaka wa 1938, Spider-Man mwaka wa 1962 na Black Panther mwaka wa 1966, na tangu hapo waandishi wamekuwa wakipokezana kalamu. Wachapishaji pia huanza kuhesabu upya kutoka nambari moja kila wanapotaka kuvuta wasomaji wapya, kwa hivyo kuona nambari moja kwenye jalada hakukuhakikishii kwamba hapo ndipo hadithi inapoanzia. Usijaribu kusoma vyote, wala usianze na vya kale kwa kudhani kwamba ni wajibu. Chagua mwandishi mmoja na mhusika mmoja, kisha utafute mkusanyo, yaani kitabu kinachounganisha matoleo matano au sita ya kila mwezi.

Kwa Batman, ninapendekeza Year One ya Frank Miller na David Mazzucchelli ya mwaka wa 1987. Ina sura nne tu, na inaeleza mwaka wake wa kwanza wa kupambana na uhalifu katika mji ambao polisi wake wamenunuliwa. Kwa Superman, All-Star Superman ya Grant Morrison na Frank Quitely ina matoleo 12 na inajitosheleza. Kwa msichana au mvulana wa umri wa sekondari, chaguo langu la kwanza ni Ms. Marvel iliyoanza mwaka wa 2014, iliyoandikwa na G. Willow Wilson na kuchorwa na Adrian Alphona. Mhusika wake mkuu, Kamala Khan, ni binti Mwislamu wa wazazi kutoka Pakistani anayeishi Jersey City, na kabla ya kupambana na maadui inambidi apambane na saa ya kurudi nyumbani. Wasomaji wangu wa Manyatta na Kondele, mitaa ya hapa Kisumu, hawajawahi kuhitaji maelezo ya ziada kuhusu wazazi wa namna hiyo.

Wengi wanaoipenda filamu ya Black Panther huulizia kitabu kilichoandikwa na Ta-Nehisi Coates kuanzia 2016. Ni kazi nzito ya siasa na falsafa, na mgeni hupotea humo. Afadhali aanze na Shuri, hadithi ya dada yake Black Panther, ambayo Nnedi Okorafor alianza kuiandika mwaka wa 2018, yenye mwendo mwepesi zaidi. Na kama unatafuta uhusiano na Kenya, yupo Ororo Munroe, anayeitwa Storm, aliyetokea mara ya kwanza mwaka wa 1975 katika kundi la X-Men: hadithi yake inasema kwamba mama yake alitoka Kenya. Sifichi kwamba Afrika iliyochorwa katika matoleo hayo ya zamani ni ya kubuniwa na watu waliokuwa mbali nayo.

Na manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani? Mwanangu anataka One Piece.

One Piece ya Eiichiro Oda ilianza mwaka wa 1997 na imepita juzuu 100. Kama mwanao amekwisha kuipenda kupitia anime, hakuna haja ya kumzuia, lakini usijitwike ahadi ya kumnunulia juzuu zote. Kwa anayeanza, ninapendelea mifululizo iliyofika mwisho. Fullmetal Alchemist ya Hiromu Arakawa ina juzuu 27 na inahusu ndugu wawili waliojaribu kumfufua mama yao kwa elimu iliyokatazwa, wakalipa kwa miili yao. Ni hadithi ya majuto, udugu na vita, na mwisho wake unastahili safari. Death Note ina juzuu 12 tu na humshika msomaji tangu kurasa za mwanzo, ila inahusu daftari la kuulia watu na miungu ya kifo, na wachapishaji wake wa Kiingereza huiweka katika kundi la wenye miaka 16 na zaidi. Mzazi anayefuata dini kwa dhati aisome mwenyewe kwanza.

Mweleze msomaji mgeni kwamba manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, hata baada ya kutafsiriwa kwa Kiingereza, na kwamba jalada la mbele liko upande tuliouzoea kuwa wa nyuma. Ni jambo dogo, lakini limewafanya watu wasome mwisho wa hadithi kabla ya mwanzo.

Mimi sipendi mapigano. Kuna kilichoandikwa kwa ajili yangu?

Kipo, na kama ningeruhusiwa kuwaazima watu wote wazima wa Kisumu kitabu kimoja, kingekuwa Aya de Yopougon. Marguerite Abouet alikiandika kwa Kifaransa na Clément Oubrerie akakichora. Juzuu sita za kwanza zilitoka kati ya 2005 na 2010, nazo zimetafsiriwa kwa Kiingereza. Hadithi iko Abidjan, mwishoni mwa miaka ya 1970, katika mtaa wa watu wa kawaida. Aya anataka kuwa daktari, huku rafiki zake wawili wakitaka kucheza dansi na kupata wachumba. Kuna baba anayeficha mambo, kuna mtoto anayezaliwa akiwa na sura isiyofanana na ya anayedaiwa kuwa babaye, na kuna majirani wanaojua kila kitu. Hakuna vita, hakuna njaa, na hakuna Mzungu anayekuja kumwokoa mtu. Nimewaazima kitabu hiki watu waliosema waziwazi kwamba katuni ni upuuzi, nao wamekirudisha wakiulizia juzuu inayofuata.

Anayependa historia na asiyeogopa huzuni apewe Persepolis ya Marjane Satrapi, inayohusu utoto wake nchini Irani wakati wa mapinduzi na vita, au juzuu tatu za March, ambamo John Lewis anaeleza harakati za haki za Wamarekani weusi alizoshiriki mwenyewe.

Mpwa wangu anafikiria kandanda tu.

Mtafutie Supa Strikas, katuni ya kandanda iliyoanzia Afrika Kusini na kusambazwa hadi Kenya. Akikua kidogo na kukubali mchezo mwingine, Slam Dunk ya Takehiko Inoue ni ya mpira wa kikapu, na imekamilika katika juzuu 31.

Mtoto wangu ana miaka tisa. Nimpe nini, na nimkinge na nini?

Bone ya Jeff Smith, iliyochapishwa kati ya 1991 na 2004, humfaa mtoto wa umri huo na humfaa mzazi anayemsomea. Ina ucheshi mwingi mwanzoni, kisha hatari huongezeka polepole kadiri juzuu zinavyosonga. Mifululizo ya Asterix na Tintin pia hupatikana mara kwa mara kwenye vitabu vikuukuu. Katika Tintin, ninapendekeza Tintin in Tibet, ambamo kijana anasafiri kumtafuta rafiki ambaye kila mtu anaamini amekufa katika ajali ya ndege, na hakuna hata mhalifu mmoja ndani yake. Kile cha Kongo, kilichotoka gazetini kati ya 1930 na 1931, kinawachora Waafrika kwa dharau isiyovumilika, na sioni sababu ya kumpa mtoto akisome peke yake. Mkubwa anayetaka kuelewa fikra za wakoloni anaweza kukisoma.

Kumbuka kwamba picha za kupendeza si ushahidi kwamba kitabu ni cha watoto. Tazama alama ya umri nyuma ya jalada, kisha pekua kurasa za katikati, kwa sababu kurasa za mwanzo mara nyingi ni za upole.

Mwalimu wake anasema katuni zitamharibia usomaji. Ni kweli?

Sikubaliani naye, na ninasema hivi kwa heshima. Msomaji wa katuni hufanya kazi ambayo haionekani: kati ya kisanduku kimoja na kinachofuata kuna pengo, na yeye ndiye anayelijaza. Mtu ameinua jembe katika picha ya kwanza. Katika ya pili kuna shimo na jasho. Hakuna sentensi iliyosema alichimba, ila mtoto amejua. Huo ni ufahamu uleule unaopimwa katika maswali ya darasani. Isitoshe, msamiati hauwi mwepesi kwa kuwa kuna picha. Katika Tintin, Kapteni Haddock hutukana kwa maneno yanayomlazimisha hata mkubwa kufungua kamusi. Ninachomshauri mwalimu ni kumwomba mtoto asimulie kwa maneno yake ukurasa usio na maandishi, kwa mdomo au kwa insha.

Ninachanganyikiwa nisijue nisome kiputo kipi kwanza, yaani kile kiduara chenye maneno ya mhusika.

Anza juu kushoto, nenda kulia, kisha ushuke. Katika manga geuza upande. Kiputo kilicho juu hutangulia kilicho chini. Chenye umbo la wingu ni mawazo, chenye kingo za ncha kali ni sauti kubwa, na maandishi yaliyo ndani ya mstatili kwa kawaida ni ya msimulizi. Usikimbilie maneno peke yake. Anayesoma viputo bila kutazama picha humaliza kitabu haraka na hulalamika kwamba hakikuwa na kitu.

Nitavipata wapi Kisumu, Nakuru au Kakamega?

Anza na wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaovitandaza kandokando ya barabara za katikati ya jiji, na kwa Kisumu usiache kupitia soko la Kibuye siku ya Jumapili. Uvumilivu unahitajika, kwa kuwa katuni huchanganywa na vitabu vya kupaka rangi. Kabla ya kulipa, hakikisha kurasa zote zipo na usome maandishi madogo ya mwanzo, ujue kama umeshika hadithi nzima au sehemu ya tatu kati ya tano. Maktaba za umma za Kisumu, Nakuru na Kakamega zinafaa kuulizwa pia, hasa katika sehemu ya watoto. Kitabu kipya aghalabu utakiagiza kutoka maduka ya Nairobi, na huja kama kifurushi kwa basi au matatu. Ukiagiza pamoja na wenzako, nauli ya mzigo huwa nafuu.

Na kwenye simu?

Manga nyingi husomeka katika programu ya Manga Plus ya kampuni ya Shueisha, iliyoanza mwaka wa 2019, ambako sura za kwanza na za karibuni za hadithi nyingi ni za bure. Katuni za Kikorea huchorwa zisomwe kwa kuteremsha ukurasa kwa kidole, kwa hivyo ndizo zinazoikaa simu vizuri zaidi. Nunua au soma kwa njia halali pale inapowezekana, na kwa wachoraji wa Kenya ningesema ni lazima, maana soko lao ni dogo na kila nakala inayolipiwa inahesabika. Malipo ya nje yanawezekana kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa.

Nimempa kitabu, hakukimaliza. Nifanyeje?

Usimhimize amalize. Muulize ameachia wapi na kwa nini, kwa maana jibu lake ndilo litakalokuchagulia kitabu cha pili. Akisema picha zilimchanganya, mpe chenye visanduku vilivyopangwa sawasawa, kama Tintin. Akisema hakuwajua wahusika, ulimpa kitabu kinachoanzia katikati, basi mtafutie kinachojitegemea. Akisema hadithi ilimchosha, badilisha aina ya hadithi hata kama wewe uliipenda sana, na pengine uhame kutoka mashujaa hadi kwa Aya. Na akisema hakupata muda, mwachie jarida la kurasa chache analoweza kulimaliza akiwa kwenye matatu kati ya Kisumu na Ahero, kisha subiri akuulize mwenyewe.